Dinari ya Rumi na Mshahara Wetu



Wapo wanaosema habari za kale hazimhusu mfanyakazi. Mimi sikubali. Lugha yetu yenyewe huita pesa "fedha", jina la madini yale meupe, kwa sababu zamani pesa zilikuwa fedha kweli. Tuitazame dinari ya Rumi, tuone jinsi mshahara unavyoweza kuibwa bila mtu kutia mkono mfukoni mwako.

Dinari ilianza kupigwa kama mwaka 211 kabla ya Kristo, fedha karibu tupu. Wasomaji wa Biblia wanaijua: ndiyo ujira wa siku wa vibarua wa shamba la mizabibu. Mwaka 14 baada ya Kristo askari wa Rumi katika jimbo la Pannonia waligoma. Walilipwa asi 10 kwa siku, na dinari moja ilikuwa asi 16. Katika hizo 10 walikatwa nguo, silaha na hema. Msemaji wao Percennius, askari wa kawaida, alidai dinari moja kwa siku. Aliuawa.

Baadaye wakubwa walitumia njia isiyo na kelele. Mwaka 64 Kaisari Nero aliipunguza dinari uzito na fedha yake. Septimius Severus, aliyeanza kutawala mwaka 193, aliwaongezea askari mshahara, huku akiishusha dinari hata ikabaki kama nusu fedha. Ni sawa na mwenye duka kukuongezea kikombe cha maziwa aliyokwisha kuyatia maji. Kufika karibu mwaka 270, sarafu zilikuwa na fedha chini ya sehemu 5 katika 100.

Bei zikapanda. Mwaka 301 Diocletian aliamuru bei na mishahara visizidi kiwango, na mvunjaji auawe. Kibarua wa shamba alipangiwa dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Je, alikuwa tajiri mara 25 kuliko yule wa mizabibu? Hata kidogo! Ratili moja ya nyama ya ng'ombe ilipangiwa dinari 8. Lactantius, mwandishi wa wakati ule, anaeleza kwamba bidhaa zilitoweka sokoni.

Dinari ilikufa, jina likabaki. Aljeria, Tunisia, Irak na Kuwait bado wanatumia dinari. Waingereza nao, hadi mwaka 1971, waliandika peni zao kwa herufi "d", yaani denarius.

Leo sarafu hazina fedha, lakini mchezo ni ule ule. Mwajiri atasema nyongeza ya mishahara ndiyo inayopandisha bei. Kule Rumi aliyeharibu sarafu hakuwa kibarua, alikuwa mwenye kuipiga. Kwa hiyo tukikaa mezani tusiulize tu nyongeza ni kiasi gani. Tuulize mshahara huu unanunua kilo ngapi za unga na sukari kuliko mwaka jana. Kila tawi liandike bei za sokoni kila mwezi katika daftari, na daftari hilo liende kwenye majadiliano. Mkataba usio na kifungu cha kutazama upya mshahara bei zinapopanda tusiutie sahihi.

Umoja ni nguvu.