EOF Si Herufi, Acheni Kutudanganya

Kuna sentensi naiona kwa noti za C zinazozungushwa WhatsApp kila muhula: ati EOF ni herufi maalum inayokaa mwisho wa kila faili. Wasee, hiyo herufi haipo. Mtu akikufundisha hivyo hajakurahisishia kitu, amekupatia shida utakayoitafuta usiku mzima.

Unataka ushahidi? Fungua terminali, hata Termux kwa simu inatosha. Andika printf habari > a.txt, halafu wc -c a.txt. Utapata 6. Hesabu na vidole ukitaka: h, a, b, a, r, i. Sasa hiyo herufi ya mwisho imejificha wapi?

Mfumo endeshi unajua faili inaishia wapi kwa sababu ukubwa wake umewekwa pembeni, nje ya yale uliyoandika. Programu ikiita read(), kerneli inajibu imepata baiti ngapi. Ikijibu 0 kwa faili ya kawaida, umefika mwisho. Ni jibu tu. Hakuna kitu kimesomwa.

Najua mtasema, “Aah, hiyo ni kurahisishia first years.” Sawa, tuone huo urahisi unafanya nini. Ukiamini EOF ni herufi, utaihifadhi kwa char, si ndiyo? char c, halafu while ((c = getchar()) != EOF). Sasa tumia hiyo programu kunakili picha ya JPEG. Baiti ya kwanza ya JPEG ni 255. Kwa laptop za kawaida za Intel, 255 ikiingia kwa char inageuka kuwa -1, na EOF kwa kawaida ni -1. Programu inadhani imemaliza kabla haijaanza, na nakala yako ina baiti 0. Peleka msimbo uleule kwa simu ya Android yenye prosesa ya ARM: huko char haishiki namba hasi, kwa hivyo -1 haionekani kamwe. Itaendelea kuandika 255, 255, 255 mpaka nafasi ya simu iishe. Dawa ni neno moja: int. getchar() inahitaji nafasi ya majibu 257, yaani baiti 256 zote na hilo la “nimemaliza”. Lakini ukishaambiwa ni herufi, utajuaje?

Hii hadithi ilitoka mahali, si watu waliamka tu wakaitunga. CP/M, mfumo wa Gary Kildall wa miaka ya 1970, ulihesabu faili kwa mafungu ya baiti 128. Maandishi yakiishia katikati ya fungu, ilibidi kuwe na alama, na alama ilikuwa Ctrl-Z, namba 26. MS-DOS ikaja 1981 ikijua ukubwa kamili wa faili, lakini ikaendelea kuiheshimu hiyo alama. Kwa hivyo mnafundishwa dawa ya ugonjwa uliokwisha kabla mzaliwe.

Ctrl-D nayo imesingiziwa sana. Haitumi herufi yoyote kwa programu. Inaiambia terminali, “Peleka ulichonacho saa hii.” Kama hujaandika kitu, inapeleka baiti 0, na programu inasoma hiyo kama mwisho. Ukiwa katikati ya mstari utaibonyeza mara mbili. Jaribu na cat uone.

Halafu kuna hii swali nzuri ambayo noti hazigusi kabisa: kama kusoma 0 ni mwisho, je, nikiandika baiti 0 nitakuwa nimetuma mwisho? Hapana! Kwa Linux, write() ya baiti 0 kwa paipu haifiki popote. Msomaji hata haamki. Mtu akikosa kukujibu meseji hajasema mmeachana. Kwa paipu, mwisho unakuja pale kila mwenye upande wa kuandika ameufunga. Ukifanya fork() na mtoto abaki ameshika upande huo, msomaji atangoja mpaka Krismasi. TCP pia ni hivyo, kuandika 0 hakutumi kitu. UDP ndiyo kichwa ngumu: ujumbe mtupu unasafiri kweli, na upande wa pili unapokea 0 bila chochote kuisha.

Lekchara mmoja, simtaji, aliambia darasa letu kwa mtihani tuandike “herufi” kwa sababu ndivyo marking scheme inasema. Basi irekebisheni hiyo marking scheme. Itachukua dakika mbili. Na mkibaki na muda, andikeni sleep 10 | cat mbele ya darasa. Hakuna anayeandika hata baiti moja, cat inangoja sekunde 10 nzima, kisha inaondoka yenyewe. Halafu waulizeni wanafunzi ni herufi gani imeiambia iende.