Mkwe na Mnunuzi

Barabara ya Fumba, Unguja, huishia pwani, kwenye Ghuba ya Menai, ambako madau hungoja maji yajae. Kabla ya kufika huko unapita Nyamanzi, penye mji mpya wa maghorofa na nyumba za mbao, uliosimama juu ya uwanda wa mawe. Mgeni akinunua nyumba hapo, kuanzia dola 100,000 za Marekani, katika mradi uliopitishwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA, anaweza kupata kibali cha ukaazi. Kibali hicho humfunika yeye, mwenzi wake na watoto wao.

Kijijini, mwendo mfupi kutoka hapo, yuko mgeni mwingine. Ni mume wa binti ami yangu, fundi wa vyombo kutoka Lamu. Asubuhi utamkuta ufukweni amechutama ubavuni mwa dau, anasindilia pamba kwenye viungo vya mbao, kopo la sifa liko miguuni. Wazee wanapenda kumsikiliza kwa Kiamu chake. Dau ni la baba mkwe wake, naye fundi hapokei ujira, kwa kuwa akilipwa tu kazi hiyo itahitaji kibali cha kazi. Mkewe ameweka mfuko wa nailoni chini ya godoro. Ndani mna cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, vivuli vya pasipoti na risiti. Kila muda wa kukaa unapokaribia kwisha mfuko hutolewa, na nyumba nzima huwa kimya.

Sina ugomvi na mnunuzi. Nyumba zake zimeleta ajira, na kibali chake amekipata kwa njia halali. Ninachouliza ni hiki: kama fungu la fedha latosha kumpa mtu haki ya kuishi Fumba, kwa nini kumwoa binti wa Fumba kusitoshe?

Tuitazame sheria. Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 11, inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, wakati wowote wa uhai wa mumewe. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa raia hana kifungu kama hicho. Anarudishwa kwenye njia ya tajnisi ambayo hata mseja huipita: miezi 12 mfululizo ya kukaa nchini kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia. Ndoa yake haimwongezei kitu. Na kwa kuwa hatukubali uraia pacha kwa watu wazima, akifika mwisho wa safari hiyo lazima aukane uraia wake wa kwanza. Ndiyo maana wengi wao hawaulizi habari ya uraia. Wanataka kuishi na kufanya kazi basi.

Sheria hiyohiyo, inapofika kwa watoto, inampa mama nguvu sawa na baba. Mtoto aliyezaliwa nje ni raia ikiwa baba au mama yake ni raia, mradi uraia wa mzazi huyo si wa kurithi. Mwanamke Mtanzania basi anaweza kumrithisha mwanawe nchi, ila hawezi kumkaribisha baba wa mtoto huyo kwa haki ileile aliyonayo kaka yake kwa mkewe. Katiba ya Muungano, ibara ya 13, imetaja jinsia miongoni mwa misingi ya ubaguzi uliokatazwa tangu mabadiliko ya mwaka 2000. Mwaka 1985 tuliridhia mkataba wa kimataifa unaotaka usawa wa wanawake na wanaume katika mambo ya uraia. Ahadi tumeitoa mara mbili.

Wako wanaosema kwamba mke ndiye hufuata mume, na sheria imefuata mila. Mila ya nani? Katika miji ya kale ya Lamu, baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Hata Unguja, fungate huliwa kwa bibi harusi. Watu waliokuja na kaskazi kutoka Hadhramaut na Omani walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa, na leo wajukuu wao hatuwaiti wageni. Pwani hii imejengwa na wakwe.

Tena tunajua gharama ya kumtundika mtu kwenye uhai wa mwenzi wake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Heinrich Ruete na kumfuata Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo marehemu ndiye aliyekuwa kiungo chake nayo. Maneno “uhai wa mumewe” yaliyomo katika sheria yetu yanapaswa kutusimamisha hapo.

Hofu zilizopo si za kupuuza. Ya kwanza ni ndoa za karatasi. Zipo, lakini udanganyifu hauna jinsia. Kati ya wageni wanaooana na vijana wetu wa Nungwi, Paje na Jambiani wamo wanawake wengi, na hao ndio sheria imewawekea kifungu chao. Kama hofu ni udanganyifu, dawa yake ni muda na uchunguzi, kwa mke na kwa mume. Ya pili ni ardhi. Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma, na mgeni hukodi tu. Kibali cha kukaa na mkewe hakimpi mkwe hata pishi moja ya udongo.

Majirani zetu, wa karibu na wa mbali, wamekwisha kuamua. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 15, inampa aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka 7 haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, awe mume au mke. Kwa hiyo binti ami yangu angehamia Lamu, Kenya ingempa kile ambacho sisi hatumpi mumewe. Omani, ambako nusu ya Mjini ina jamaa, iliondoa mwaka 2023 sharti la raia kuomba idhini kabla ya kufunga ndoa na mgeni. Zimbabwe, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1994 kwamba kumzuia mume wa kigeni kuishi nchini ni kuuvunja uhuru wa mke raia wa kuishi kwao.

Ulaya inatupa onyo. Uingereza ilishindwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg mwaka 1985 kwa kuwapendelea wanaume katika kuleta wake zao. Badala ya kuwafungulia waume, ikawabana wake pia. Leo anayetaka kumleta mwenzi wake huko huulizwa kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Usawa wa namna hiyo tusiuige.

Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo neno hili ni la Bunge, Dodoma. Naliomba mambo matatu. Kuwe na kibali cha mwenzi wa raia, kisichobagua mume na mke, kikitolewa baada ya mahojiano na maelezo ya sheha, ambaye anajua nani analala nyumba gani. Kibali hicho kiwe na ruhusa ya kufanya kazi ndani yake. Na mwenzi akifariki, aliyebaki na watoto raia asiambiwe afungashe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umwulize kwanza kama amenunua shamba. Mume wa binti ami yangu ameipita siku ya tatu miaka mingi, na jembe lake, ambalo ni tezo, amekuja nalo mwenyewe kutoka kwao. Tumpe ruhusa ya kula jasho lake.