Kijana Aliyechelewa Kubalehe Asichekwe



Shule zinapofunga, wazazi wa Mbulu na Hanang hutuletea wavulana wa miaka 15 wanaoonekana kama wa miaka 11. Mara nyingi ni mama anayekuja, na kijana ameinamisha kichwa. Wenzake wanamwita hanithi. Nyumbani amekwisha kunyweshwa dawa za mizizi. Wengine wameacha shule kwa aibu. Sisi wauguzi tunaona haya yanatokana na kutojua, na tungependa yakome.

Kubalehe hakuanzii kwenye ndevu, kunaanzia kichwani. Chini ya ubongo ipo tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya harage. Tezi hiyo hutoa homoni mbili zinazopita katika damu na kuziamsha korodani. Miezi ya kwanza baada ya mtoto wa kiume kuzaliwa, homoni hizo hupanda. Kisha hushuka, na tezi hukaa kimya kwa miaka. Inapoamka tena, huanza kazi usiku, mtoto akiwa amelala. Dalili ya kwanza ni korodani kukua, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14. Sauti nzito na ndevu hufuata baadaye.

Panya dume humaliza safari hiyo kwa wiki chache, na beberu kabla ya kutimiza mwaka. Binadamu huchukua miaka mingi, wala si wote wanaoondoka saa moja.

Wengi wanaochelewa ni wazima. Ukiuliza, utasikia baba au mjomba naye alichelewa. Wengine wamekosa chakula cha kutosha kwa muda mrefu, au wana ugonjwa kama selimundu, kisukari au VVU. Wachache wana hitilafu katika ubongo au tezi yenyewe. Kijana asiyesikia harufu tangu utoto, au anayeumwa kichwa mara kwa mara huku macho yakififia, asicheleweshwe hata kidogo.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Mvulana akitimiza miaka 14 bila dalili yoyote, aletwe hospitali. Akionyesha dalili kabla ya miaka 9, aletwe pia. Msimnunulie sindano za homoni dukani: zikitolewa bila vipimo zinaweza kufunga mifupa mapema, akabaki mfupi maisha yake yote.

Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano. Baada ya hapo nani anampima mtoto wa kiume? Tunawaomba walimu wapime kimo cha wanafunzi mara mbili kwa mwaka na kukiandika. Kazi hiyo yataka ukuta, futi kamba na daftari tu.

Na wewe baba, kama ulichelewa, mwambie mwanao. Neno lako moja litamrudisha darasani.