Zima Taa Kwanza

Rafiki yangu anaishi kwenye bedsita huko Makutano, Meru. Ana kitanda, meko ya gesi na tangi la samaki la lita 60 ambalo limekula pesa kuliko kitanda na meko vikijumlishwa. Mwezi wa kwanza majani yalianza kuoza. Muuzaji akamwambia taa ni hafifu, akanunua kubwa. Wiki mbili baadaye kioo kikawa na utelezi wa kijani. Muuzaji akamwambia mimea ina njaa, akanunua chupa ya mbolea ya maji iliyotoka ng'ambo. Utelezi ukapanda hadi kwenye mawe. Sasa ameshauriwa anunue dawa ya kuua mwani. Mimi nilipomwambia azime taa kwanza, alicheka. Ushauri wa bure hauna uzito, bana.

Nitasema wazi: wengi wetu tunaoanza kukuza mimea ndani ya tangi hatujapungukiwa na taa wala mbolea. Tunazo nyingi mno, na tumeziweka mapema mno. Na biashara inayotuuzia haina haraka ya kutuambia hivyo, kwa maana kila kosa letu lina chupa yake dukani.

Tuanze na mwanga. Mmea hutengeneza chakula kwa mwanga, maji na hewa ya ukaa, kisha hutumia madini kujenga mwili wake. Mwanga ndio unaopanga kasi. Ukiuongeza, mmea unadai hewa ya ukaa zaidi na madini zaidi. Lakini kwenye tangi la kawaida, lisilo na mtungi wa gesi, hewa ya ukaa ni haba, na ndani ya maji husambaa polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani. Mmea unakwama. Mwanga uliobaki haupotei bure: mwani, ambao hauhitaji mizizi, shina wala subira, unaufanyia karamu.

Karne ya 19, mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza kanuni kwamba kinachozuia mavuno ni kile kilichopungua zaidi, hata ukijaza vingine vyote. Mkulima wa Kianjokoma, Embu, hahitaji kumsoma Liebig. Anajua kwamba gunia la CAN haliokoi mahindi yaliyokosa mvua. Sasa mbona mjukuu wake, akihamia mjini na kununua tangi, anasahau yote aliyoyaona shambani?

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Mimea mingi ya tangi hukuzwa kitaluni ikiwa na majani nje ya maji, kwa sababu huko hukua haraka. Ukiizamisha, majani yale ya hewani hufa na mmea huanza kutoa mengine ya majini. Kwa hiyo kuoza kwa mwezi wa kwanza mara nyingi si ugonjwa wala njaa. Ni mgeni anayebadilisha nguo. Ukimwongezea mbolea wakati huo, hana majani wala mizizi ya kuitumia. Atakayekula ni mwani.

Shosho wangu aliotesha miche ya kahawa miaka mingi. Kitalu chake kilikuwa chini ya kivuli, na alikuwa akiondoa matawi ya kukifunika kidogo kidogo hadi miche ikazoea jua. Siku moja nikiwa mdogo nilitaka kumwagia miche mipya mbolea, nikidhani namsaidia. "Wacha, mjukuu wangu," akasema. "Mche mpya hauna njaa. Upe kivuli kwanza." Tangi jipya ni kitalu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na haikutoka ng'ambo.

Najua wapo watakaonijibu kwamba kama mambo ni ya shambani, basi tutumie mbolea ya shambani, ni bei nafuu. Hapana! Hilo nalo ni janga. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni, na yote iko katika umbo la amonia. Kijiko cha mezani cha gramu 15 ndani ya lita 60 kinatoa takribani miligramu 45 za naitrojeni hiyo kwa kila lita. Samaki wengi huanza kuumia kabla hata ya kufika 2, hasa maji yakiwa na magadi. Urea nayo hugeuka kuwa amonia. Ukitia vitu hivi tangini utapata supu ya samaki wabichi. Hekima ya shosho ni kujua lini na kiasi gani. Haikuwa kubeba gunia kila mahali.

Anayetaka kuona jua na mbolea zikikutana bila mipaka, aende Kisumu. Gugu-maji lilitoka Amerika Kusini na kusambazwa duniani kama pambo la bwawa, kwa sababu ua lake ni zuri. Liliingia Ziwa Victoria miaka ya 1980 ikielekea kwisha. Linaelea, kwa hiyo hewa ya ukaa linaipata angani na jua la ikweta ni la bure. Lililobaki ni madini, nayo mito inayashusha kutoka mashambani na mijini. Matokeo yake wavuvi wanayajua kuliko mimi. Tangi lako ni ziwa dogo, na wewe ndiye mito na jua.

Halafu kuna picha. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, alitufundisha sote kwamba tangi linaweza kuonekana kama msitu au mlima. Kazi yake ni nzuri ajabu, sitaki kuidharau. Ila matangi yale yana taa kali pamoja na mtungi wa hewa ya ukaa, mbolea ya kila siku, na mikono inayopogoa bila kuchoka. Sisi tunanunua taa tu, tunaacha vitu vitatu vingine, kisha tunashangaa. Ni sawa na kununua injini ya lori ukaifunga kwenye bodaboda.

Hesabu ya tokeni pia inaongea. Taa ya wati 60 ikiwaka muda wa saa 12 kwa siku inakula uniti 21.6 kwa mwezi. Taa ya wati 10 ikiwaka muda wa saa 6 inakula uniti 1.8. Hiyo tofauti unailipa ili ukuze mwani.

Basi fanya hivi. Washa taa saa kumi jioni, zima saa nne usiku, kila siku, ikiwezekana kwa swichi ya saa ili usitegemee kumbukumbu. Tangi lisikae dirishani; jua la hapa, ambapo barabara ya Nkubu kwenda mji wa Meru inavuka ikweta, halina huruma. Panda mimea mingi tangu siku ya kwanza, yenye kukua haraka, kama Ceratophyllum, ambayo humea yenyewe hata Ziwa Naivasha. Weka samaki wachache, badilisha robo ya maji kila wiki, na kumbuka kwamba choo cha samaki tayari ni mbolea. Mbolea ya chupa ingoje hadi majani mapya yatoke. Hata hapo, soma mmea kama unavyosoma shamba: majani ya zamani yakigeuka manjano, huenda naitrojeni imepungua, majani machanga yakipauka huku mishipa ikibaki kijani, tafuta chuma. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Aliyekiandika anauza chupa.

Kuna mmea unaoitwa Anubias. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kwenye vijito vyenye kivuli kizito. Siku hizi hukuzwa kwa wingi katika vitalu vya Asia na Ulaya, kisha huturudia ndani ya kikopo cha plastiki. Nimeona ukiuzwa pamoja na taa kali. Mmea wa kivuli, wa bara letu wenyewe, tunauchoma kwa mwanga kwa sababu tumeambiwa hivyo ndivyo wajuao hufanya. Majani yake hukua polepole, kwa hiyo mwani huyafunika kabla hayajajitetea.

Rafiki yangu alikubali mwishowe, si kwa hoja zangu bali kwa kuishiwa pesa. Taa kubwa ameiuza. Chupa ya mbolea imekaa juu ya friji ya jirani. Wiki ya nne bado kuna utelezi kwenye kona moja ya kioo, siwezi kudanganya. Lakini Anubias yake imetoa jani jipya, dogo na safi, na dawa ya kuua mwani hakuinunua.