Kijana akitaka kujitengenezea siti ya pikipiki

Mzazi mwenzangu, kijana wako akikuomba hela ya faiba ajitengenezee siti ya pikipiki, usikimbilie kukataa. Ni ufundi mzuri. Kaa naye kwanza mkubaliane atanunua nini na atafanyia wapi.

Kwa kitako cha siti, mkeka wa faiba na rezini ya poliesta vinafaa, tena ni nafuu kuliko epoksi. Tabaka 3 au 4 za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa milimita 3 hivi au zaidi. Akitaka epoksi, achukue kitambaa cha faiba kilichofumwa. Gundi inayoshika mikeka mingi huyeyushwa na poliesta, si epoksi.

Cha kuogopa zaidi ni dawa ya kugandisha poliesta, iitwayo MEKP. Ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Kipimo chake ni kidogo, kwa kawaida gramu 1 hadi 2 kwa gramu 100 za rezini. Kamwe isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mdogo wake atainywa.

Kazi ifanyike uani penye hewa, mbali na jiko na watoto, kwani mvuke wa rezini unashika moto. Avae miwani na glavu. Wakati wa kupiga msasa avae barakoa ya vumbi, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Hela ya miwani haipo? Basi siti isubiri.