Mahadhi ya Kihindi na Moyo Uliogeuka

Kila mtu ana jambo lake asilolipenda, na aghalabu hulishika kwa nguvu zaidi kuliko yale anayoyapenda. Akipendacho huweza kukisahau. Asichokipenda hukirithisha hata wanawe. Mimi kwa miaka mingi sikuyapenda mahadhi ya Kihindi katika nyimbo zetu za taarabu. Leo nayasikiliza kwa raha, na yafaa niwaeleze wasomaji wa ukurasa huu, hasa wenzangu walio bado kwenye msimamo ule wa kale, ni lipi lililonigeuza.

Wazee wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa kisa chenyewe, lakini vijana huenda wakahitaji. Filamu za Kihindi zilipojaza majumba yetu ya sinema, na zile kama Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zikapendwa hata na wasiojua neno moja la Kihindi, waimbaji wa Mvita waliyachukua mahadhi yake wakayatilia maneno ya Kiswahili. Aliyevuma zaidi katika njia hiyo ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Upande wa pili alikuwako marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, aliyefariki mwaka 2016, ambaye yeye alielekea kwenye mahadhi ya Kiarabu na nyimbo za kale za kwao. Mashabiki waligawika, na barazani pakawa na ubishi kama ule wa mpira. Mimi nilikuwa upande wa udi.

Kutopenda kwangu kulikuwa na sababu. Sisi tuliosoma chuoni tumefunzwa kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea, na kila madda ina kipimo chake. Kuvuta pasipovutwa ni kuharibu. Masikio yaliyolelewa hivyo hayasikilizi wimbo kwa uzembe. Na wimbo wetu una kanuni yake: ubeti wa mistari mitatu, na kila mstari mizani 12, 6 na 6, na vina vyake kati na mwisho. Mahadhi yaliyotungiwa lugha nyingine hayana habari na hesabu hiyo. Silabi moja huvutwa mpaka ikawa tatu, nyingine humezwa, na neno zuri likatoka limevunjika mguu. Juu ya hayo nilikuwa na ule msemo wetu mkononi, kwamba mwacha mila ni mtumwa, na aliye na msemo mkononi huwa hana haja ya kufikiri zaidi. Hofu hiyo sikuitupa. Ziko nyimbo ambazo mahadhi yameukaba ushairi mpaka umekata roho, na hizo bado sizitaki.

Lililoanza kunilegeza ni jina la mtunzi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971, ni nani wa kumfunza vina na mizani? Naye ndiye aliyetunga nyingi katika nyimbo alizoziimba jamaa yake Juma Bhalo kwa mahadhi hayo hayo ya Kihindi. Mshairi aliyeulinda ushairi wa mapokeo maisha yake yote hakuona tabu kuukabidhi kwa sauti hizo. Basi nikaanza kufanya kazi moja: kusikiliza kanda na kuyaandika maneno, bila ala, kama liandikwavyo shairi lolote. Yaliposimama peke yake karatasini, vina vilikuwa mahali pake na hesabu ilitimia. Kuvutwa kulikuwa kwa mwimbaji. Mtunzi alikuwa amefunga mlango wake na kitasa. Nyumba ni ile ile, rangi ya ukuta ndiyo iliyotoka ng'ambo.

Tena nikaziangalia ala zenyewe, ambazo twaziita za asili. Udi ni wa Waarabu. Kanuni ilitufikia kutoka Misri. Fidla ni ya Wazungu. Kinanda cha mkono kilizaliwa Ulaya, kikalelewa Bara Hindi. Na ile tashkota, ambayo mtu wa Mombasa akiisikia huona kama imeota Kibokoni, asili yake ni Japani. Hata Siti binti Saad wa Unguja, ambaye twamtaja kuwa mama wa taarabu ya Kiswahili, sauti yake ilitiwa kwenye santuri kwa mara ya kwanza mjini Bombay, mwaka 1928. India ilikuwamo nyimboni mwetu kabla ya filamu hizo kupigwa. Nayo imo vinywani mwetu kila siku: twapanda gari, twahesabu laki, twakata bima, na asubuhi twala chapati, wala hapana anayeuliza imetoka bandari gani. Iweje basi tuchague mahadhi peke yake na kuyadai hati za kuzaliwa?

Hapa nataka kutenga mambo mawili yasichanganywe. Hukumu ya ala na nyimbo ni kazi ya masheikh wetu, nami siingii humo. Nazungumzia kile ambacho nafsi haikipendi tu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume S.A.W. aliwekewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani mfano wa kenge, akauzuia mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu, akajibu kuwa si haramu, ila hakuwako katika nchi ya watu wake, kwa hivyo nafsi yake haimtaki. Khalid bin Walid akamvuta akamla, naye Mtume akiangalia. Adabu iliyomo humo ni kubwa. Asiyependa hakulazimishwa kula, na kutopenda kwake hakukufanywa sheria ya kumfunga mwenziwe.

Sisi wazee tuna mazoea ya kinyume. Tusichokipenda twakitangaza kuwa hakifai, na vijana, kwa heshima, huchukua neno letu bila kuuliza. Halafu twaona haya kugeuka, kwa kuogopa kuitwa vigeugeu. Lakini Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alikuwa na kauli zake za kale alizozitoa Iraki, na kauli zake mpya alizozitoa alipohamia Misri, ambako alifariki mwaka 204 wa Hijria. Wanavyuoni wanazisoma zote mbili mpaka leo, wala hapana aliyemtoa thamani. Ikiwa bahari ile ya elimu ilihama kutoka kauli moja hadi nyingine katika mambo ya dini, sembuse mimi na wewe katika nyimbo za harusi? Na moyo kwa Kiarabu huitwa qalb, neno la shina moja na kugeuka. Kutopenda si kosa, na kupenda baada ya kutopenda si toba.

Nalisema hili hadharani kwa sababu kuna hasara inayoendelea. Mashairi mengi ya nyimbo hizo hayamo katika kitabu chochote. Yamo katika kanda, na kanda hazidumu: joto na unyevu wa pwani huzila, ukungu huingia, utepe hunata na kukatika. Wenye elimu ya kuyaandika na kuyaeleza ndio wale wale waliokuwa wakiyapita kwa kuwa mahadhi hayakuwakaa masikioni. Mtunzi aliyeweka fumbo ndani ya wimbo akafariki, na waliolijua fumbo hilo wanafuatana mmoja mmoja. Siku itakapofika ambapo kijana atataka kujua babu zake walipendana na kugombana kwa maneno gani, hatatuuliza kama mahadhi yalikuwa ya Kihindi au ya Kiarabu. Atauliza maneno yako wapi.

Basi mwenye sanduku la kanda chini ya kitanda, alitoe. Mwenye kalamu na akaketi naye, wasikilize pamoja, waandike ubeti baada ya ubeti, na wawaulize wazee maana zake wangalipo. Mahadhi asiyoyapenda hana lazima ya kuyapenda. Maneno asiyaache yakapotea.