Jina la Mtoto na Mlango wa Kazi

Wazazi wapenzi, vijana wengi wa Dareda, Magugu na Galapo wamemaliza masomo yao, nao huja Babati mjini kutafuta kazi. Majibu ya usaili wamejifunza vema. Lakini mlangoni, kabla ya swali lo lote, huulizwa vyeti.

Sekretarieti ya Ajira ya Serikali hudai vyeti halisi, cha kuzaliwa na vya masomo, pamoja na kitambulisho. Majina yakitofautiana, hudai hati ya kisheria ya jina, iliyosajiliwa. Basi mtoto aliyeandikwa Yosefu katika cheti cha kuzaliwa, na Joseph shuleni, tena kwa jina la babu, afanyeje? Elimu anayo, lakini karatasi zasema ni watu wawili.

Kwa hiyo leo jioni toeni vyeti sandukuni, mvisome herufi kwa herufi. Cheti cha ubatizo kina heshima yake, lakini hakishiki nafasi ya kile cha RITA. Penye tofauti, anzeni kutengeneza sasa. Siku ya usaili haingoji mtu, na nauli hujilipia kijana mwenyewe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.